Tumbo limejaa, mtoto ana njaa



Mwezi huu tuingie jikoni. Vijana, msiruke ukurasa huu mkisema ni wa wamama, maana ndani ya sufuria ya uji kuna elimu ambayo watu wenye maabara kubwa wanaisomea miaka mingi.

Tia vijiko vichache vya unga wa muhogo katika maji baridi. Koroga, ngoja kidogo. Unga unashuka chini, maji yanabaki juu. Sasa weka motoni huku ukikoroga. Hata kabla ya kuchemka, joto likifika kama digrii 60 hadi 70, maji yanageuka: yanakuwa mazito, yanang'aa, yanashika mwiko. Na unga haukuongeza hata chembe! Nini kimetokea?

Unga ule ni chembe za wanga. Ni ndogo sana, ukizipanga mia moja kwa mstari hazifiki milimita mbili. Ndani ya kila chembe kuna minyororo mirefu ya sukari iliyoshikamana, mahali pengine imebanwa sawasawa kama kuni zilizofungwa kwa kamba. Maji baridi hayapati njia. Moto ukilegeza vile vifungo, maji yanaingia, chembe inavimba mara nyingi kuliko ilivyokuwa, lakini haitawanyiki mara moja kwa sababu minyororo bado inashikana. Fikiri lori la barabara ya Bukavu: abiria ni walewale, lakini kila mmoja akikumbatia mzigo mkubwa, nani ataweza kugeuka? Chembe zilizovimba zinabanana vivyo hivyo. Uzito wa uji, basi, ni maji yaliyofungiwa. Si wingi wa chakula.

Chembe ndogo za namna hii, zenye minyororo inayoshikana na kunywa maji, wataalamu wanaziita mikrojeli, jina alilolitoa Mmarekani W. O. Baker mwaka 1949. Siku hizi viwanda vinatengeneza za kwao. Zile punje zinazonywa mkojo ndani ya nepi za kutupa ni ndugu zao wakubwa. Ziko nyingine za ajabu: ukizipasha kupita kama digrii 32 zinanywea na kutema maji. Za muhogo hazina tabia hiyo. Hujaona uji ukipoa ukarudi kuwa unga.

Sasa tufike penye maumivu. Mtoto wa kilo 8, tumbo lake linapokea kama mililita 240 kwa mara moja, yaani kikombe kimoja tu. Gramu 100 za unga zina kalori kama 350. Lakini uji mwepesi wenye gramu 5 za unga katika gramu 100 unampa kalori zisizofika 20, wakati maziwa ya mama kwa kiasi kilekile yana kama 65. Kumbe mama anasema, "Mutoto amekula kopo nzima, ameshiba," na kweli tumbo limejaa, limejaa maji. Akiendelea hivyo miezi, na bila karanga wala maharagwe wala samaki, miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, na watu wa Kivu wanajua jina lake: bwaki.

Utasema, basi tuongeze unga. Ongeza, utapata bugali, na mtoto wa miezi 8 hawezi kuumeza.

Dawa yake iko nyumbani. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Shirika la Chakula na Lishe la Tanzania walichunguza kimea, unga wa nafaka iliyochipuka. Mbegu ikichipuka inatengeneza kitu kinachokata ile minyororo ya wanga. Minyororo ikikatwa, chembe zinaachia maji, na uji mzito unakuwa mwepesi huku chakula chote kimebaki ndani. (Wapikaji wa lotoko wanaijua kazi hiyo zamani sana. Msiseme mchungaji amewafundisha.)

Loweka mahindi safi, yasiyo na ukungu, usiku mmoja. Yatoe, yafunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu, ukiyasuuza. Yakichipuka, anika juani mpaka yakauke, ondoa michipuko, twanga. Ukitumia mtama, hiyo michipuko usiiache hata kidogo, ina sumu. Pika uji mzito, uepue, ungoje upoe kiasi, maana moto mkali unaua nguvu ya kimea. Tia kijiko kidogo kwa bakuli, koroga. Baada ya dakika chache utaona unalegea. Kisha urudishe motoni uchemke kidogo, kuua vijidudu.

Lakini kimea hakiugeuzi muhogo kuwa nyama. Muhogo karibu hauna kile kinachojenga mwili, kwa hiyo weka karanga zilizotwangwa au samaki aliyepondwa, na kijiko cha mawese. Hapo nasema na wababa: ukitoka shimoni na pesa ya kasiteriti au ya zahabu, karanga za mtoto zinunuliwe kabla ya bia. Na yule ambaye miguu imeshaanza kuvimba, msikae naye nyumbani kujaribu uji. Mpelekeni kituo cha afya leo.