Vishikwambi vitolewe makabatini

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu vishikwambi walivyopewa walimu wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Busale, wilayani Kyela. Nilishika chaki kwa zaidi ya miaka 40, nikastaafu mwaka 2020, na sasa ni mkulima wa kakao na mpunga.

Wasomaji watakumbuka kuwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 havikuachwa vioze stoo kazi ilipokwisha. Serikali iliamua vipelekwe kwa walimu, na mwishoni mwa mwaka ule ugawaji ukaanza. Ule ulikuwa uamuzi wa busara na sina budi kuupongeza. Lakini kugawa chombo ni jambo moja, na chombo hicho kumsaidia mtoto kuelewa somo ni jambo jingine kabisa.

Ipo shule moja ninayoifahamu, ambayo sitaitaja, ambako vishikwambi hukaa kabatini. Hutolewa pale tu taarifa na takwimu zinapotakiwa, kisha hufungiwa tena. Ukiuliza unaambiwa kuwa hiyo ni mali ya Serikali, na kikivunjika atalipa nani? Hofu hiyo naielewa, kwani nami nimewahi kukabidhiwa mali ya shule. Hata hivyo wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nitoe mfano. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa. Kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne ulikuwa mwekundu kama tofali la kuchoma. Watoto walijaa uwanjani kwangu wakipiga kelele. Jirani mmoja alisema hiyo ni dalili ya balaa. Mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita, akaniuliza, "Babu, nani ameuficha mwezi?" Nilimweleza kwa maneno kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu miaka yote. Akaitikia kwa adabu, lakini macho yake yaliniambia kwamba hakuelewa.

Kwa bahati, mwalimu kijana aliyepanga chumba nyumbani kwangu alikuwa ameruhusiwa kuja na kishikwambi ili akamilishe taarifa za shule. Ndani yake alikuwa amehifadhi picha inayotembea, ikionyesha dunia ikipita kati ya jua na mwezi. Mtoto aliitazama mara tatu. Ndipo nikaleta tochi, chungwa na limau, nikamwambia sasa aache kioo atuonyeshe yeye. Tochi ikawa jua, chungwa likawa dunia, na limau likawa mwezi. Kivuli cha chungwa kilipoangukia limau alicheka akasema, "Kumbe ni sisi wenyewe tumeuficha!"

Kesho yake yule mwalimu alifanya vivyo hivyo darasani. Wanafunzi ni wengi na kioo ni kidogo, kwa hiyo aliwagawa katika vikundi. Kikundi kimoja kilitazama picha, kingine kilishika tochi na machungwa, na waliobaki walichora katika madaftari, kisha wakapokezana. Naambiwa hata wale wasionyoosha mkono siku zote waliuliza maswali. Baada ya kipindi kishikwambi kilirudishwa kabatini. Hadi ninapoandika barua hii hakijafanyika kipindi cha pili cha namna ile.

Ndugu Mhariri, jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1973, nikiwa kijana mdogo, nilikuwa nikitumwa kubeba redio ya kikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni ile ilidumu wiki 12 na ilishirikisha watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kipindi, wanakikundi wakasikiliza, kisha kiongozi aliyefundishwa akafungua kitabu. Watu walisomewa, wakajadili, wakaulizana nani hana choo, na kesho yake wakaenda kuchimba. Redio ilizungumza kwa muda mfupi tu. Kazi kubwa ilifanywa na watu baada ya redio kunyamaza.

Nami ualimu niliupata kwa njia hiyo hiyo. Taifa lilipokusudia kuwaingiza watoto wote shuleni ifikapo Novemba 1977, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa kuwa walimu wa UPE. Nilianza mwaka 1978. Tulifundisha huku tukisoma kwa posta na kwa redio, na mratibu wa elimu wa kata alikuwa akitutembelea na kusahihisha kazi zetu. Laiti tungepewa redio peke yake, bila vitabu, bila wenzetu na bila mratibu, wengi tungeishia kusikiliza muziki.

Yapo pia tuliyoyaona mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye runinga. Hapa kijijini nilishuhudia kuwa mtoto aliyekuwa na kaka au mzazi wa kukaa naye na kumuuliza maswali aliambulia kitu. Aliyeachwa na redio peke yake aliizima akaenda kucheza.

Wapo watakaosema kuwa walimu wakiachiwa vishikwambi watatazama mpira na kuchati. Ni kweli wapo wa namna hiyo, lakini dawa yake ni kumsimamia mwalimu. Kukifungia kishikwambi ni kumwadhibu mwanafunzi kwa kosa la mtu mwingine. Wala sisemi kuwa wanafunzi waruhusiwe kwenda na simu shuleni. Ninachosema ni chombo kimoja mkononi mwa mwalimu aliyejiandaa.

Kwa hiyo natoa ushauri ufuatao kwa wahusika.

Kwanza, matumizi ya vishikwambi yaingizwe katika ratiba ya vipindi, na pawe na daftari la kuazima na kurejesha. Anayevunja kwa uzembe awajibike, lakini ajali inayotokea mtoto akijifunza isihesabiwe kuwa uzembe. Mkuu wa shule akihakikishiwa hivyo, atafungua kabati bila woga.

Pili, masomo yahifadhiwe ndani ya chombo mapema. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, na mtu anaweza kuvisoma bila malipo ya kitabu. Bando ndilo tatizo, kwani mwalimu hulinunua kwa fedha yake mwenyewe. Afisa Elimu Kata angeweza kupakua masomo ya muhula mzima mara moja na kuwagawia walimu wote wa kata. Masika ya Kyela tunayafahamu, na mtandao ukiyumba kipindi kisikwame.

Tatu, walimu wakae pamoja. Tayari upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unaowataka walimu wajifunze wao kwa wao shuleni. Yule kijana aliyefundisha kupatwa kwa mwezi apewe saa moja awaonyeshe wenzake alivyofanya, nao wamweleze alipokosea.

Nne, sisi wazazi tusikae pembeni. Bei za mnada wa kakao tunazipata kwa simu zetu, na msimu ukiwa mzuri tunanunua spika zinazosikika hadi kijiji cha pili. Hatuwezi kushindwa kuchangia sola moja ya kuchajia vyombo vya shule isiyo na umeme.

Mjukuu wangu hajaacha kuniuliza lini mwalimu atakileta tena darasani kile kioo. Nimeshindwa kumjibu. Naomba wahusika wanisaidie jibu.

Mwalimu Mstaafu,
Busale, Kyela.