Meza ya Fundi Ikiwa Uani Kwako

Mama mwenzangu, mwezi huu hatuzungumzi habari za jikoni wala za chumba cha watoto. Twende nyuma ya nyumba, mahali ambapo wengi wetu husema, "Hapo ni kwa baba, mimi sipajui." Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka usiku ule mtoto wetu wa pili alipoamka akilia, "Mama, macho yangu yana mchanga!"

Tunaishi hapa Usa River, si mbali na barabara kuu iendayo Moshi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza mageti, madirisha na vitanda, na karakana yake ni uani petu. Wakati ule alifanyia kazi chini, chuma kikiwa juu ya mawe mawili, naye amechuchumaa kutwa nzima. Jioni ile alikuwa na kazi ya haraka. Mtoto alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni akitazama cheche. Nilimwona, nikafurahi kwamba ametulia, nikaendelea kupika. Alikula vizuri akalala. Maumivu yalianza saa sita za usiku.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Tulielezwa kwamba mwanga wa kuchomelea una miale isiyoonekana, kama ile iliyomo katika jua, lakini yenye nguvu sana kwa mtu aliye karibu. Huunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Maumivu hayaji palepale, huja baada ya saa kadhaa, ndiyo maana mara nyingi huanza usiku. Kwa kawaida jicho hupona kwa siku moja au mbili, na mtoto wetu alipona siku ya pili, Mungu ashukuriwe. Yakikupata, usitie machoni maziwa, wala kipande cha kiazi, wala dawa ya jirani. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, kisha mpeleke mtoto kwa mganga wa hospitali.

Juma hilohilo mteja alikataa geti. Lilikuwa limepinda kidogo, halifungi. Fedha ya kununulia chuma kile ilikuwa imetoka kwenye bahasha ya ada. Mama, nilikasirika! Nikamwambia mume wangu kazi hii iondoke nyumbani. Akanijibu kwa upole, "Mama watoto, nikipanga kibanda barabarani, kodi tutalipa kwa nini? Geti linapinda kwa sababu nafanyia kazi juu ya mawe. Nahitaji meza." Tulikaa kimya. Mwisho nikasema, "Sawa, tutengeneze meza. Lakini mahali pa kuiweka nitachagua mimi."

Jinsi tulivyoitengeneza

Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujikunja na kuvuta upande uliochomelewa. Kisiposhikiliwa juu ya kitu kilichonyooka, lazima kitapinda. Kwa hiyo uso wa meza uwe mzito. Yetu ni bamba lenye unene wa milimita 6, urefu sentimita 120 na upana sentimita 90. Bamba hilo peke yake lina uzito wa kilo 50 hivi. Miguu na fremu ni vyuma vya pembe, vingine vilivyochakaa alivyonunua Arusha mjini.

Kazi yangu ilikuwa kushika mwisho wa tepu. Fremu ya sentimita 90 kwa 120 ikiwa na pembe sawasawa, kipimo kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala ni sentimita 150, na upande wa pili vivyo hivyo. Mara ya kwanza tulipata 150 huku na 152 kule. Mume wangu alikuwa ameshikiza pembe kwa nukta ndogo tu, akagonga kwa nyundo, tukapima tena mpaka zikawa sawa. Ndipo alipochomelea kabisa, kidogo huku, kidogo kule, asilundike joto upande mmoja. Siku hizi hakuna geti linalotoka uani kabla sijashika tepu.

Kimo tulikipima kwa mwili wake. Uso wa meza uko chini kidogo ya kiwiko chake akiwa amesimama. Mgongo uliokuwa ukimuuma kila jioni umepata nafuu.

Tulivyoiboresha

Meza haikukamilika siku moja. Kila tulipoona kasoro tulirekebisha:

1. Uwanja wetu umeinamia upande mmoja, meza ikawa inayumba. Tulitia boliti nene na nati chini ya kila mguu. Ukizizungusha unasawazisha meza kwa pima maji.

2. Nyaya zilitambaa chini, nami nilijikwaa mara mbili nikiwa na ndoo ya maji. Tulichomelea kulabu ubavuni mwa meza, moja ya nyaya, moja ya nyundo, moja ya ngao ya uso.

3. Jiliwa lilifungwa kwenye pembe ya meza kwa boliti, ili vyuma vya kukata visishikwe kwa mguu.

4. Pande tatu tulizungushia mabati ya zamani yaliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, maana bati jipya hurudisha mwanga. Upande wa nne, ulio wazi, unatazama uzio usio na njia, mbali na jikoni na kamba ya nguo.

5. Masika uwanja hujaa maji, na umeme na maji havipatani. Tulijenga paa, tukainua sakafu kwa kokoto na zege, na fundi umeme akamvutia waya wake mnene wenye swichi yake.

Ulinzi wa kila siku

Ndoo ya mchanga ikae karibu. Mkaa, mafuta ya taa na magodoro vikae mbali. Baada ya kazi, fundi asiondoke mara moja. Cheche iliyojificha huweza kuwaka baadaye.

Angalia pia moshi. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabomba na mabati, kikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku. Wengi hudhani ni malaria. Aende apimwe, lakini aeleze kazi aliyofanya siku ile. Ni heri aikwangue zinki kwanza, akafanyie kazi penye upepo, akaupa moshi kisogo. Mafundi wengi huamini kwamba maziwa huondoa moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, hayaendi mapafuni.

Watoto wetu wana sheria moja: wakisikia mlio wa mashine, hawavuki mstari wa chokaa niliouchora chini. Nao wanaijua sababu, kwa kuwa kaka yao huwasimulia.

Mama mpendwa, labda mumeo si fundi wa vyuma. Ni seremala, au ana kinu cha kusaga, au anatengeneza pikipiki. Usiseme, "Hapo ni kwa baba." Jumamosi moja, ukirudi gulioni Tengeru, weka kapu chini, ukae mahali mtoto wako anapopenda kukaa, utazame anachokitazama. Kisha zungumza na mumeo, si kwa kulaumu, bali kwa kuuliza, "Baba, hapa tunaweza kuparekebishaje?" Mimi nilichelewa kuuliza.