Zamu Yake Irudi

Ukiingia mwezi wa Mei mkoani kwetu Mara utaujua msimu wa UMISSETA hata kama huna mtoto sekondari. Bunda mjini magari yanapita yamejaa wanafunzi na nyimbo. Butiama vijana wanakimbia alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika. Halafu wa wilaya zote wanakutana kupepetana ili mkoa uchague wa kwenda taifa. Ni ngazi hiyo: shule, wilaya, mkoa, taifa. Ukiteleza, unarudi nyumbani kupalilia mihogo.

Leo lakini nataka tuzungumze mchezo ambao huku kwetu hatujauzoea: besiboli. Usicheke, Tanzania upo! Mwaka 2012 Mjapani mmoja, Shinya Tomonari, alianza kuwafundisha wanafunzi wa Azania, Dar es Salaam, na mwaka 2018 ukafunguliwa uwanja wake hapo hapo. Shule zikawa zinashindania ubingwa wa taifa, na mashindano yakaitwa Koshien, jina la yale ya sekondari za Japani yaliyoanza mwaka 1915. Uwanja wa Koshien wenyewe ulijengwa mwaka 1924. Huko ukifungwa mara moja tu, kwaheri. Vijana waliofungwa huchota udongo wa uwanja, wakautia kwenye kifuko na kwenda nao kwao.

Timu ina watu 9. Mmoja anashika gongo (gongo la mti, mzee wangu, si lile la kunywa!). Mrushaji wa wapinzani anasimama kama mita 18 na kuuvurumisha mpira. Ukiupiga, unakimbia kuvizunguka vituo vinne, na ukirudi pale ulipoanzia umepata bao. Watoto wetu wanaofukuza ndege kwenye mtama kwa kombeo, na mabinti wanaocheza rede, mikono ya kazi hiyo wanayo tayari.

Sasa sikiliza kilichonivutia mimi. Mwenzako amesimama kituo cha kwanza. Kocha anakupa ishara: usipige kwa nguvu. Unaugusa mpira tu, unadondoka hapo karibu. Wapinzani wanaukimbilia na kukutoa wewe, lakini mwenzako huyoo, ameshafika kituo cha pili. Kitabuni hawaandiki kwamba umeshindwa. Wanaandika kwamba ulijitoa ili mwenzako asogee, na hesabu yako ya upigaji haishuki. Kwenye mashindano ya kufungwa mara moja na kwaheri, bao moja la namna hiyo laweza kuipandisha shule nzima. Sekondari za Japani wanalipenda jambo hili kupita kiasi.

Nilimsimulia hayo shemeji yangu wa Bunda, mume wa dada yangu, tukiwa tunakula. Watoto wake wawili walikuwa wamechaguliwa timu ya wilaya, kijana kwenye soka na binti kwenye netiboli. Hela ya mchango na nauli ya kwenda Musoma ilitosha mmoja, na shemeji alikuwa ameshakata shauri: aende kijana.

"Shemeji, umenisaidia," akasema huku anacheka. "Ndiyo hayo hayo ninayofanya. Binti anajitoa ili kaka yake asogee. Si umesema mwenyewe ni heshima?"

Ala! Tonge likanikwama mkononi.

"Shemeji, hujanisikiliza mpaka mwisho," nikamwambia. "Aliyejitoa anarudi kukaa, anakunywa maji, wenzake wanampigia makofi. Halafu zamu yake inarudi. Anashika gongo tena, na safari hii atajitoa mwingine. Huyu mpwa wangu, zamu yake ilirudi lini? Mwaka jana alivaa sketi ya viraka ili kaka yake ashonewe suruali. Mama yake alipougua, ni yeye aliyekosa shule. Kaka yake amejitoa mara ngapi?"

Shemeji kimya. Dada yangu, aliyekuwa anaosha vyombo, naye kimya, ila masufuria yalianza kugongana kwa sauti zaidi.

Binti akasema taratibu, "Mjomba, sikatai kumwachia kaka. Ila sijaulizwa."

Jamani, watu wa Mara, tuambiane ukweli. Katika nyumba nyingi kuna mpigaji mmoja anayejitoa kila mzunguko, na ni yule yule. Ada ikipungua, ni yeye. Mama akiumwa, ni yeye. Kaka akitaka kuoa na ng'ombe hawapo, ni yeye anayeozwa ili ng'ombe wapatikane, na hapo zamu ndiyo imekwisha kabisa. Huko si kujitoa. Huko ni kutolewa.

Najua utaniambia michezo haijazi tumbo. Sawa. Lakini binti akikaa siku chache Musoma, akalala bweni moja na wenzake wa Tarime, Rorya na Serengeti, anarudi amejua kwamba dunia haiishii kisimani. Mwaka 1934 mzee Burito, chifu wa Wazanaki, alimtoa mwanawe Julius kule Butiama akaenda kusoma Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Kwa mzee ulipungua mkono mmoja wa kazi. Taifa lilipata nini, sina haja ya kukueleza.

Shemeji alimaliza kula, akanawa, akaenda zizini kana kwamba kuna ng'ombe aliyemwita. Aliporudi akasema, "Haya. Mwaka huu aende binti. Kijana naye ajitoe."

Kijana alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamletea dada yake raba zake mwenyewe, kubwa kwa namba mbili, akamwonyesha namna ya kujazia vitambaa mbele.

Wilaya yao ilitolewa mapema tu. Binti akarudi Bunda na nyimbo mpya, marafiki wapya, na raba zimetoboka, kaka anadai! Lakini nauli ya msimu unaofuata wameanza kuichanga wote wawili, wanauza karanga stendi.

Basi wewe mzazi unayenisoma, kabla hujasema "mwachie mwenzio", kumbuka ni nani aliyeachia mara ya mwisho. Kama ni yule yule, mpe gongo. Tukutane wiki ijayo.