Simu mia tatu, swali hakuna

Jumamosi iliyopita nilikaa saa mbili na nusu kwenye kiti cha plastiki kumsubiri mgeni rasmi. Yalikuwa mahafali ya chuo kimoja cha uandishi wa habari hapa Dar es Salaam. Vijana wamevaa majoho ya kukodi, wazazi wameshika maua ya karatasi, MC ameshamaliza vichekesho vyake na ameanza kuvirudia. Mgeni alipofika, simu kama mia tatu zikanyanyuliwa juu kumrekodi. Naye akasafisha koo, akawaambia wahitimu: "Dunia imebadilika. Siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi wa habari."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wahitimu nao wakapiga! Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu, aliyekuwa ametoka kunisimulia jinsi alivyouza ng'ombe wawili ili kijana wake apate stashahada ile, alipiga makofi kuliko wote. Nikasema moyoni: mzee wangu, umeambiwa hivi sasa kwamba ungemnunulia mwanao simu tu, na ng'ombe wako wangekuwa bado wanakamuliwa.

Msemo huu nimeusikia kwenye semina, kwenye daladala, hata msibani, na sasa nimeuchoka. Hauna ukweli. Mwenye simu ameona. Mwandishi ameuliza. Hizo ni kazi mbili, na jambo halijawa habari mpaka ile ya pili ifanyike.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Mwaka jana, mchana mmoja saa nane kasoro, kwenye grupu la WhatsApp la ukoo ikaingia picha ya basi linawaka moto, na maneno chini yake: "Basi la Lushoto lateketea Korogwe, hakuna aliyepona. Sambaza." Mpwa wangu alikuwa ndani ya basi la Lushoto. Simu yake haipatikani. Dada yangu, mama yake, akakaa chini palepale jikoni, mwiko mkononi, wali unaungua. Ndani ya dakika kumi picha ile ikawa imerudi grupuni mara sita, kila anayeituma anaongeza lake. Wa kwanza alisema abiria arobaini, wa tatu akawafikisha sitini na mbili, na binamu yetu aliyeko Muscat akawa tayari ameshatuma dua ya marehemu. Grupu lile lina watu kumi na tisa. Waandishi wa habari kumi na tisa, kwa hesabu ya mgeni rasmi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga simu Korogwe kuuliza.

Nikampigia mwandishi wa gazeti letu aliyeko Korogwe, mzee wa miaka mingi kazini. Akapanda bodaboda mpaka stendi, akamuuliza askari wa usalama barabarani, akawauliza makondakta, akapiga hospitali, kisha akanipigia. Dakika thelathini na tano. "Hakuna ajali, bwana. Basi lenyewe limepita hapa saa saba na robo, sasa hivi linapanda mlima. Halafu hebu itazame vizuri hiyo picha yako. Usukani uko upande gani?"

Nikaitazama. Kushoto. Basi lile halijawahi kukanyaga barabara ya Tanzania. Ukoo mzima tulikuwa tumelikodolea macho tukilia, na hakuna aliyeuona usukani, mimi mwenye kadi ya uandishi nikiwemo. Saa kumi mpwa akapiga kutoka Lushoto: chaji ilimwishia njiani.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Mzee yule hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka gazetini, na "hakuna ajali" haitoki. Bodaboda alilipa mwenyewe, vocha aliweka mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya chumba cha habari ndiyo hiyo: mambo ambayo hukuyasoma kwa sababu kuna mtu alikwenda, akauliza, akakuta ni uongo. Kazi hiyo haipati laiki wala haina wa kuisambaza.

Najua mtakachonijibu. "Mbona ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 tuliliona kwenye simu kabla ya gazeti?" Ndiyo, mliliona. Mliona vumbi. Vumbi lilelile kwa pembe hamsini, na kijana anayepiga kelele "jamani, jamani" huku kamera ameigeuzia usoni mwake. Jengo la nani? Kibali alitia saini nani? Mkaguzi alipita lini? Maswali hayo hayapigwi picha. Yanataka mtu aende ofisini akalishwe benchi siku tatu akiambiwa mhusika yuko kikaoni, na siku ya nne arudi tena. (Nikifika hapo huwakumbuka maofisa uhusiano wa nchi hii, watu wanaolipwa mshahara kila mwezi ili wasipokee simu.)

Mwingine atasema magazeti nayo hukosea. Haya, mpishi akiunguza wali siku moja, wewe utakula mchele mbichi mwaka mzima?

Tena ulafi wa habari za bure haukuanza na simu. Nenda kwenye meza yoyote ya magazeti asubuhi. Utawakuta wanaume kumi wamefunga mikono mgongoni, wameinama, wanasoma vichwa vya habari kuanzia ukurasa wa mbele wa siasa mpaka wa nyuma wa Simba na Yanga, kisha wanaondoka wakibishana kana kwamba wamesoma gazeti zima. Muuzaji ameuza moja, kwa mtu wa kufungia vitumbua. Redio nazo zilikuwa zinasoma magazeti neno kwa neno mpaka mwaka 2017, Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, alipoagiza ziishie kwenye vichwa vya habari. Simu imeichukua tu tabia hiyo ikaipa bando.

Na vyombo vyetu? Badala ya kuuza kile ambacho mwenye simu hana, vimeamua kumwiga. "UTALIA! Alichofanya mke wa msanii huyu..." Unafungua, unaombwa ubonyeze kengele, unaombwa tena, na mke wa msanii hajafanya kitu. Kijana anaajiriwa aandike, apige picha, akate video na kuipandisha mtandaoni kabla ya saa sita mchana. Ukimuuliza chanzo chake, anakuonyesha Instagram.

Serikali nayo iliwahi kuuamini msemo huu, kwa namna yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada iliyozidi shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo mtandao wa JamiiForums ukalazimika kujifunga kwa muda. Kwa hiyo ukiwa na simu wewe ni mwandishi siku ya hotuba, na siku ya ada wewe ni kampuni. Huku Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikimtaka mwandishi awe na ithibati. Mgeni rasmi wangu hakuitaja sheria hiyo, mbele ya watoto waliosoma miaka miwili ili waipate.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waandishi wa habari wale mamilioni walikwenda wapi? Simu walikuwa nazo, kamera zinafanya kazi, chaji imejaa. Mtaani kwetu watu walitoka wakasimama getini kuulizana nini kinaendelea, na mimi nikapanda kabatini kushusha redio ya betri ya marehemu baba. Kama uandishi wako unazimwa na mtu mmoja kwa swichi moja, hapo mwanzo ulikuwa na nini zaidi ya bando?

Turudi ukumbini. Kabla ya kushuka jukwaani mgeni rasmi alikiahidi chuo kompyuta ishirini. Makofi tena. Kompyuta ziliahidiwa mwaka jana pia, jukwaa hilohilo, na yeye huyohuyo. Simu mia tatu zilikuwa hewani zinamrekodi, na sikusikia hata moja ikimuuliza zile za mwanzo ziko wapi. Nilinyoosha mkono. MC akasema muda umetutupa mkono, chakula tayari.

Jumatatu asubuhi msaidizi wake akapiga simu chumba cha habari, analalamika kwamba hotuba ya mheshimiwa haikutoka gazetini. Nikamwambia ukumbini kulikuwa na waandishi mia tatu, awaulize wao. Kisha nikamuuliza kuhusu kompyuta. Simu ikakatika.