Simba Hufuata Nguruwe

Mahindi yanapokomaa huku Kilwa na Lindi, wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu huhama nyumbani na kwenda kulala madunguni. Wanamlinda nguruwe pori asimalize shamba, lakini anayewamaliza wao ni mwingine. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na wengine 308 waliojeruhiwa. Lindi ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Watafiti hao waliona kwamba mashambulizi huongezeka msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe, na katikati yao amelala mkulima, kwenye kibanda cha makuti kisicho na ukuta. Basi tukitaka kumzuia simba, tuanze na nguruwe. Vijiji visaidiwe kuchimba mitaro na kujenga uzio, wakulima walime mashamba yanayopakana ili walinde kwa zamu, na askari wa wanyamapori wafike mapema wanapoitwa. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa wafiwa, na ni haki yao. Lakini hakuna fedha inayomrudisha mzazi nyumbani. Tunawaomba wanakijiji wautunze msitu kwa niaba yetu sote. Nasi tuna deni la kuwalinda wanapolala kando yake.