Mzigo wa Abiria ni Amana, si Ngawira

Hujaji anayerejea Kilwa Kivinje kutoka Makka hupitisha sanduku lake katika mikono mingi kabla halijafika mlangoni kwake. Jidda hupokewa na mpakizi asiyemjua. Dar es Salaam hushushwa na mwingine, likazungushwa juu ya mkanda. Teksi hulipeleka Mbagala, utingo wa basi akalisukuma ndani ya buti, na usiku, pale njia panda ya Nangurukuru, hushushwa likapandishwa bajaji mpaka Kivinje. Asubuhi, jamaa na majirani wamekwisha kukusanyika kumpongeza, ndipo sanduku linapofunguliwa. Zipu ni nzima na kufuli lipo mahali pake. Kanzu zipo, misbaha ipo. Saa mbili alizowanunulia wanawe hazipo, wala chupa za manukato, wala kitambaa cha hariri cha bibi harusi.

Aulizwe nani? Mwenye basi atajibu kwamba sanduku lilipakiwa limefungwa na likashushwa limefungwa. Dereva wa teksi atajibu hivyo hivyo. Uwanjani wataeleza kuwa abiria alichukua mzigo wake, akatoka, wala hakulalamika. Shirika la ndege litamtaka aonyeshe fomu aliyojaza, naye hakujaza fomu yoyote. Kila mkono ni safi, na mali imekwenda. Huo ndio wizi unaomkabili msafiri wa pwani ya kusini. Hauonekani katika mkono wa mtu yeyote, kwa sababu maskani yake ni ule mwanya ulioko baina ya mkono na mkono.

Wizi wa mizigo upo katika viwanja vya nchi nyingi, tajiri na maskini, na hakuna taifa linaloweza kujigamba kwamba limeumaliza. Lakini uzito wake hauwi sawa kwa watu wote. Mkazi wa jijini akigundua hasara jioni, kesho hurudi uwanjani kudai. Mkazi wa Kilwa amekwisha kuacha zaidi ya kilomita 250 nyuma yake. Ni kweli kwamba safari ya kusini si mateso yaleyale ya zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, abiria alisubiri kivuko, na mvua ikizidi barabara ilikatika kabisa. Leo lami ipo, na ndege hutua Mtwara. Hata hivyo, anayeshuka Mtwara kwenda Lindi hubakiwa na zaidi ya kilomita 100 za barabara. Umbali huo ambao kwa abiria ni nauli, kwa mwizi ni ngome.

Abiria akilalamika huambiwa nini? Huambiwa kwamba angenunua kufuli imara, angezungushia begi karatasi ya nailoni, asingeweka kitu cha thamani ndani. Ushauri huo si mbaya. Ubaya wake ni pale unapogeuzwa kuwa hukumu, aliyeibiwa akawa ndiye mkosaji, na aliyepewa dhamana akaondoka akipangusa mikono.

Tena ushauri wenyewe una kasoro ambayo wanaoutoa wanaijua. Begi la zipu halilindwi na kufuli. Ncha ya kalamu ya kawaida ikichomekwa katikati ya meno ya zipu, meno huachana, begi likafunguka lote huku kufuli likiendelea kuning'inia. Mwizi akimaliza haja yake huvuta vishikio vya zipu kwenda na kurudi, meno yakakamatana upya, na jicho haliwezi kutambua kitu. Nailoni nayo haimzuii mtu mwenye wembe. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa: ikichanwa huonekana. Kwa maneno mengine, vifaa hivi ni mashahidi kuliko kuwa walinzi. Na shahidi ana faida gani ikiwa hakuna baraza la kumsikiliza?

Sheria yenyewe haina utata. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unamwajibisha msafirishaji wa anga katika safari za kimataifa kwa upotevu na uharibifu wa mzigo uliokabidhiwa, wakati wote unapokuwa chini ya mamlaka yake. Kuanzia Desemba 2024 kikomo cha fidia ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, kiasi kinachozidi kidogo dola 2,000 za Marekani. Abiria mwenye mali inayozidi hapo anaruhusiwa kutamka thamani yake anapokabidhi mzigo, akalipa nyongeza, na kikomo kikapanda. Ni abiria wangapi wamepata kuelezwa jambo hilo kwenye kaunta? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, nayo inautenga wizi wa mali iliyo safarini na wizi wa kawaida, na kuupa adhabu kali zaidi.

Lakini mkataba huo huo una mlango mwembamba. Malalamiko ya mzigo ulioharibika sharti yafikishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ya mzigo uliochelewa, ndani ya siku 21. Na kesi, ndani ya miaka 2. Aidha, abiria akipokea mzigo bila ya kulalamika, hilo huhesabiwa kuwa ushahidi wa awali kwamba aliupata salama. Hujaji wa Kivinje, aliyeondoka uwanjani akimshukuru Mungu kwa kufika, amekwisha kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake bila kujua. Siku 7 zinamkuta akipokea wageni. Akiuliza la kufanya, huelekezwa kwenye ofisi iliyoko Dar es Salaam au kwenye fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Haki ambayo mwenyewe hawezi kuifikia ni pambo la makabati.

Ni aibu ya pekee kwamba maneno haya yanawahusu watu wa Kilwa. Mji huu ulijengwa kwa mali ya watu waliokuwa mbali. Mfanyabiashara wa Uarabuni au Bara Hindi alikuja na kaskazi na kurejea na kusi. Upepo ukimpita, shehena ilibaki miezi mingi katika ghala la mwenyeji. Dhahabu ya Sofala ilifika Kilwa ikiwa imepitia mikono mingi kuliko sanduku la hujaji wa leo. Biashara ya namna hiyo haiwezekani ila pale mwenye mali anapoweza kumkabidhi mwenziwe na kupata jina la mtu wa kuulizwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa uchaji. Mwaka 1505 walikuja Wareno, wakauteka na kuupora mji. Wazee wa pwani wana maneno mawili kwa mambo hayo mawili: mali unayowekewa ni amana, mali unayonyang'anya ni ngawira. Mpakizi anayepekua begi la abiria gizani, ndani ya tumbo la ndege, amechagua upande wa Wareno.

Lindi nayo ina somo lake, somo chungu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya madubwana ya kale katika kilima cha Tendaguru, ndani ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani na wananchi, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini, katika nchi ambayo majeraha ya Vita vya Maji Maji yalikuwa hayajapona. Msimamizi mkuu wa machimbo alikuwa Boheti bin Amrani, Mwafrika. Kila mfupa ulipewa alama na kuorodheshwa, ukafungwa, ukajulikana ulikotoka. Kwa sababu hiyo vipande hivyo viliunganishwa Berlin, na mwaka 1937 kikasimamishwa kiunzi kimoja kikuu cha mifupa, ambacho leo kimo chake kinazidi mita 13. Mifupa hiyo ingali huko, na mjadala wa haki yake haujaisha. Lakini jambo moja halina mjadala. Mkoloni alipoutaka mzigo ufike, uliwekewa daftari, ukafika. Je, mali ya mwalimu wa Lindi ina thamani ndogo kuliko mifupa ya mnyama aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Walimwengu wa usafiri wa anga wameikubali methali hiyo ijapokuwa hawakupata kuisikia. Tangu Juni 2018, Azimio namba 753 la Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga linayataka mashirika wanachama kuufuatilia kila mzigo katika hatua nne: unapopokewa kwa abiria, unapopakiwa ndegeni, unapohamishwa kutoka msafirishaji mmoja kwenda mwingine, na unaporudishwa kwa mwenyewe. Karatasi inayofungwa kwenye mpini wa begi ina namba ya tarakimu kumi. Kila ikisomwa na mashine hujulikana mzigo uko wapi na saa ngapi. Chombo kipo na kanuni ipo. Kinachotakiwa ni kuongeza jina. Pamoja na saa na mahali, liandikwe jina la kiongozi wa zamu aliyekuwa na mzigo huo. Mwizi haogopi namba ya begi, huogopa jina lake mwenyewe.

Wapo watetezi watakaosema kwamba vibarua hao wanalipwa kidogo. Kilio cha mshahara ni cha haki, na kiandikwe kwenye meza za waajiri kwa sauti kubwa. Lakini mwalimu wa shule ya kijiji wilayani Kilwa naye hana mshahara mnono. Hukaa na mitihani ya taifa na michango ya wazazi, na haiibi. Umaskini si kibali cha kumnyonya maskini mwingine. Isitoshe, wapakizi walio wengi ni watu waaminifu, wanaoinua mizigo mizito juani na mvuani, na ndio wanaochafuliwa jina na wachache. Daftari lenye majina litawalinda wao kabla ya kumlinda abiria.

Lawama kubwa iwaendee wakubwa wa kazi. Mfanyakazi akikamatwa na mali ya abiria, njia ya wepesi ni kumwachisha kazi kimya kimya ili jina la ofisi lisichafuke. Kesho yake huajiriwa lango la pili. Huko si kusafisha nyumba, ni kuhamisha taka. Mwizi apelekwe mahakamani hadharani, na aliyenunua saa ya wizi mitaani asimame kando yake. Fomu za malalamiko ziandikwe kwa Kiswahili na ziwekwe kando ya mkanda wa mizigo, mahali zinapoonekana. Malalamiko yapokelewe Mtwara, Lindi na Kilwa, na kwa simu, bila kumlazimisha mtu kurudi Dar es Salaam. Mabasi nayo yafungwe na utaratibu huo huo: mzigo unaoingia katika buti upewe namba, abiria apewe kipande chake, na usishushwe pasipo kuonyeshwa kipande hicho. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini zina uwezo wa kuamuru hayo.

Abiria naye ana wajibu. Fedha, dhahabu, vyeti, dawa na simu vikae katika mkoba wa mkononi. Begi lipigwe picha likiwa wazi na likiwa limefungwa, na orodha ya vilivyomo iandikwe. Uzito uliosomwa kwenye mizani ya kaunta ukumbukwe, kwa kuwa mizani haina upendeleo: begi lililoondoka na kilo 23 likafika na kilo 20 limekwisha kusema lenyewe. Stakabadhi ya mzigo isitupwe mpaka begi lifunguliwe. Na zaidi ya yote, lifunguliwe palepale uwanjani, kabla ya kuvuka mlango, hata kama watu wanasubiri nje na basi linapiga honi. Dakika tano za kukagua ndizo zinazomtenganisha mwenye haki na mwenye manung'uniko.

Mwisho ni zamu ya waliosoma. Mtumishi wa serikali na mwalimu husafiri kwa uhamisho, kwa semina na kwa likizo, nao pia wamefunguliwa mabegi. Wengi wao husikitika, husimulia kisa kazini wakati wa chai, kisha husema yamepita. Mvuvi wa Songo Mnara huenda hajui barua ya madai huanza vipi. Mwalimu anajua. Kila mwenye elimu anayenyamaza baada ya kuibiwa amemfunza mwizi kwamba kazi yake haina hatari, na anayelipa ada ya somo hilo ni yule hujaji wa Kivinje aliyeweka akiba kwa miaka mingi.

Basi kalamu ile ile inayopasua zipu gizani itumike mchana kuandika madai ndani ya siku 7, kwa tarehe, kwa namba ya mzigo, na nakala kwa mamlaka. Barua moja itatupwa kapuni. Barua mia hazitupiki. Amana ikiwa na mtu wa kuiulizia, mwenye kuipokea atajifunza kuitunza.