Minyoo fundo ya Unguja ipimwe vinasaba

Ukiung'oa mtungule uliodumaa ukaosha mizizi yake, mara nyingi utakuta imejaa vinundu kama shanga. Mkulima atasema ni minyoo fundo, na ni kweli. Lakini ni minyoo gani? Spishi za Meloidogyne incognita, javanica, arenaria na enterolobii, zote hutia vinundu.

Kwa miaka mingi mtaalamu alimtoa jike kwenye kinundu, akamkata sehemu ya nyuma kwa wembe na kusoma michirizi yake kwenye hadubini. Michirizi ya enterolobii hufanana mno na ya incognita. Spishi hiyo ilielezwa China mwaka 1983, kisha mwaka 1988 ikaelezwa upya kutoka Puerto Rico kwa jina jengine, hadi vinasaba vilipoonesha kuwa ni ileile. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kuikuta Kenya, kwenye mnavu.

Kwa mkulima hili si suala la majina tu. Mbegu nyingi za tungule zinazouzwa kuwa zinastahimili minyoo hutegemea jeni iitwayo Mi. Jeni hiyo huzuia incognita, javanica na arenaria, lakini haiizuii enterolobii. Tena hulegea joto la udongo likipita nyuzi 28, joto ambalo kaskazi ya Unguja halikosi. Kubadilisha mazao nako kuna mtego: karanga huinyima chakula incognita, ilhali arenaria huweza kustawi humo humo. Anayenunua mbegu ghali bila kujua alichonacho shambani anabahatisha.

Wapo wanaosema kabla ya kipimo cha vinasaba, fedha ziende kwanza kwa mabwana shamba wasio na usafiri. Kwenye migomba nakubaliana nao. Chipukizi likimenywa vizuri na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, minyoo mingi hufa, iwe ya jenasi ya Radopholus au Pratylenchus. Hapo sufuria inatosha.

Kwa mboga, kipimo kinahitajika, na pahala pake ni Kizimbani, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo. Kichaguliwe kwa uangalifu, maana incognita, javanica na arenaria zina udugu wa karibu, na baadhi ya vipande vya vinasaba havizitenganishi. Tena kuwepo kwa spishi hakuelezi wingi wake. Kuhesabu kubaki palepale. Sampuli zianzie kwenye vitalu vya miche na mizigo ya miche inayoshuka bandarini Malindi, na majibu yamfikie mkulima kabla hajanunua mbegu za kipupwe.